Samaki wa Mlimani: Kutoka Themi hadi Nyumba ya Mungu

Samaki anayeliwa Themi hakuvuliwa Themi. Mto wenye jina hilo huanzia katika misitu ya Mlima Meru, hulikata Jiji la Arusha kutoka kaskazini kwenda kusini, hupita jirani na viwanda na upande wa Njiro, kisha huteremkia tambarare. Ni mto wa mawe na maji ya baridi, na kiangazi huwa mwembamba kiasi cha mtu kuuvuka bila kulowa magoti. Hauna samaki wa kumtosha mvuvi hata mmoja. Pamoja na hayo, jioni yoyote katika kata ya Themi na mitaa inayopakana nayo, makarai ya mama lishe yanaunguruma, na juu ya meza sato waliokwisha kukaangwa wamepangwa kwenye sinia, vichwa upande mmoja, mikia upande mwingine. Kila mmoja wao amesafiri. Masimulizi haya yanazifuata safari hizo, yakianzia mezani mjini na kuteremka hadi bwawani, kwa sababu mlaji anayejua samaki wake ametoka wapi hula vizuri zaidi na hudanganywa mara chache.

Arusha haikuwa nchi ya samaki. Miteremko ya Meru ni nchi ya migomba, mahindi, maharage na ng'ombe. Chakula cha Wameru na Waarusha ni ndizi, loshoro, makande, maziwa na nyama, na mpaka leo mgeni akiuliza chakula cha mji huu ataelekezwa kwanza kwenye nyama choma ya Kwa Mrombo. Wamaasai wa tambarare hawakula samaki kabisa, na wazee wengi wa jamii za jirani walimhesabu kuwa kiumbe wa ukoo wa nyoka, asiyestahili kuingia chunguni. Vijijini bado wapo wazee ambao hawajamtia mdomoni, na hawana mpango huo.

Samaki aliletwa na mji. Wajerumani walijenga boma lao Arusha mwaka 1900. Mwaka 1929 reli ikafika kutoka Moshi, na kuanzia hapo mji ukawa umeunganishwa moja kwa moja na Tanga na bahari. Wakaja makarani, mafundi, wafanyabiashara na watumishi wa reli kutoka pwani, watu ambao wali bila kitoweo cha baharini kwao si mlo. Mwaka 1967 Arusha ikawa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Watumishi kutoka Kisumu, Kampala na Mwanza wakahamia na familia zao, na kila familia ilikuja na samaki wake wa moyoni. Jumuiya ile ilivunjika mwaka 1977, ikarudi rasmi mwaka 2000. Katikati ya miaka ya 1990 ikafunguliwa mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda, ambayo ilifunga kazi mwisho wa mwaka 2015. Wanyarwanda, Warundi, Wakongo na watu wa Afrika Magharibi waliofanya kazi mjini miaka hiyo walihitaji kula, na wengi wao walitaka samaki. Kwa hiyo karai la mama lishe wa Themi lina historia ndefu kuliko meza yake inavyoonyesha.

Kazi ya karai inastahili kutazamwa kwa karibu. Sato huparwa magamba kwa kisu kuanzia mkiani kuelekea kichwani, hutolewa matumbo na matamvua, huoshwa, kisha huchanjwa mistari mitatu au minne kila ubavu mpaka kisu kiguse mfupa. Mistari hiyo ndiyo njia ya viungo na ya moto. Chumvi, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa husuguliwa ndani ya michanjo na tumboni, halafu samaki huachwa apumzike huku akichuruzika maji. Mafuta lazima yawe ya moto kwelikweli kabla hajaingia. Mpishi humshika mkia, hutanguliza kichwa, na kumlaza taratibu kuelekea upande ulio mbali naye ili mafuta yasimrukie. Baada ya hapo hamgusi. Anayegeuza mapema huacha ngozi kwenye karai. Mama lishe mzoefu hatazami saa, anasikiliza: mafuta hupiga kelele nyingi maji ya samaki yanapotoka, na kelele ikipungua anajua upande huo umekwiva. Samaki wa namna hii akiwa amekauka vizuri hukaa mezani saa kadhaa bila kuharibika, kwa kuwa maji yaliyomo yamekwisha. Mteja anapoagiza, anarudishwa karaini kidogo kupata moto.

Mlaji naye ana yake ya kufanya. Swali la kwanza halihusu bei.

"Dada, huyu wa ziwa au wa bwawa?"

"Wa ziwa, kaka. Wameshuka na basi la usiku."

Kisha huja jagi la maji ya uvuguvugu na beseni la kunawia, halafu ugali, mboga ya mnafu iliyo chungu kidogo, kachumbari, kipande cha ndimu na pilipili. Samaki huanzwa mgongoni, ambako nyama ni nene na miiba ni michache, ndipo mkono uteremke ubavuni. Kichwa huachwa mwisho. Wageni wengi hukiacha kabisa, na hapo hukosa nyama ya mashavuni, ambayo ndiyo laini kuliko zote.

Karai linapendwa kuliko sufuria, lakini mwandishi wa safari hii anaona samaki bora wa Arusha ni wa mchemsho. Baadhi ya migahawa humpika sato pamoja na ndizi mshare, zile zile za mtori, kwa nyanya, kitunguu, karoti, pilipili hoho na ndimu, bila mafuta au kwa mafuta kidogo sana. Ndizi hulainika na kuufanya mchuzi uwe mzito, mafuta ya kichwa cha samaki huelea juu, na bakuli linalofika mezani lina ziwa na mlima kwa pamoja. Mchemsho hauwezi kuficha samaki aliyelala. Ndiyo maana mgahawa unaouza mchemsho kila siku, na unaomaliza, ni mgahawa wa kuaminika.

Sato na sangara hutoka Ziwa Victoria. Wote wawili ni wageni ndani ya ziwa hilo: waliingizwa katika miaka ya 1950, wakati wa ukoloni, ili kuongeza mavuno. Sangara aliongezeka kwa kasi kubwa kuanzia miaka ya 1980, akala furu na samaki wengine wadogo, na aina nyingi za furu zikatoweka. Ngege, perege wa asili wa ziwa hilo, naye alirudishwa nyuma hadi akabaki zaidi katika vijiziwa vya pembeni na katika mabwawa ya mbali alikopandikizwa. Viwanda vya Mwanza vilivyoanza kukata minofu kwa ajili ya Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilimgeuza sangara kuwa bidhaa ya fedha za kigeni, na mifupa iliyobaki yenye kichwa na nyama kidogo, yaani mapanki, ikawa kitoweo cha wasio na uwezo wa kununua mnofu. Nchi inayouza minofu na kubaki na mifupa imefanya biashara ambayo inafaa kujadiliwa kwa uwazi zaidi kuliko inavyojadiliwa.

Barabara ndiyo iliyobadilisha hali ya samaki huyo mjini Arusha. Zamani kipande kati ya Singida na Minjingu kupitia Babati kilikuwa cha vumbi na makorongo, na samaki wa Mwanza aliyefika Arusha mara nyingi alikuwa mkavu au wa moshi. Lami ilipokamilika mwanzoni mwa miaka ya 2010, samaki aliyelazwa kwenye barafu jioni aliweza kufika Arusha siku ya pili akiwa bado mbichi. Hufika katika maboksi na madeli yaliyojaa barafu, hushushwa, na wachuuzi huwagawana kwa kilo. Soko la Kilombero na Soko Kuu ndiko wapishi wengi hununua.

Dagaa wana kalenda yao. Wavuvi wa Ziwa Victoria na wa Ziwa Tanganyika huwavuta dagaa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, taa haina nguvu, na wavuvi hupumzika. Mnunuzi wa Arusha anayeona bei ya dagaa imepanda hana budi kutazama angani kabla ya kumlaumu muuzaji. Dagaa wa Kigoma ni wa aina nyingine na wa heshima kubwa zaidi, wenye rangi ya fedha na mchanga kidogo, na bei yao ni ya juu kwa haki. Mwaka 2024 nchi zinazolizunguka Ziwa Tanganyika zilisimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Hatua kama hiyo huonekana mpaka kwenye meza ya mama lishe wa Themi, umbali wa zaidi ya kilomita 800.

Samaki wa baharini ana safari fupi kuliko wa Mwanza lakini yenye joto zaidi. Kutoka Tanga hadi Arusha ni kilomita zipatazo 430, na gari hupita Korogwe, Mombo, Same na Mwanga, nyanda kavu ambako barafu huyeyuka haraka. Arusha yenyewe iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi, ila samaki aliyeharibikia njiani hatibiwi na baridi ya mwisho wa safari. Wanaofika ni changu, kolekole, nguru, jodari, kibua, pweza, ngisi na kamba. Upatikanaji wao hufuata pepo. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, bahari huchafuka na mitumbwi midogo hukaa pwani siku nyingi. Kaskazi inapotulia, samaki huongezeka. Pweza naye hufuata mwezi: wanawake na wanaume wa pwani humtafuta miambani bamvua likitoa maji mbali, na siku za maji mafu hapatikani kwa wingi.

Katika migahawa ya Arusha inayopikwa na watu wa pwani, changu au kolekole hupakwa: huchomwa kwanza kwenye mkaa, kisha hupakwa tui zito la nazi lenye ndimu, pilipili na kitunguu saumu, na kurudishwa motoni mpaka tui lishike. Nazi nazo zimepanda kutoka pwani kwa barabara ile ile. Kupaka kunahitaji subira, kwa sababu tui likipata moto mkali hukatika. Sahani ikija ndani ya dakika kumi, samaki huyo alikwisha kuchomwa mapema. Mgeni mwenye haraka na aagize kibua wa kukaanga, ambaye ni wa bei nafuu na ana mafuta yake mwenyewe ya kutosha.

Kutoka Themi kuelekea mashariki, barabara ya Moshi inafika Tengeru baada ya kilomita 13 hivi. Soko la Tengeru hujaa Jumatano na Jumamosi. Kando yake, chini ya msitu mdogo, liko Ziwa Duluti, ziwa la kreta lisilo na mto unaoingia wala unaotoka. Maji yake hutoka ardhini. Humo wamo perege na kambare, na tai wavuvi huwahi kabla ya binadamu. Ziwa ni dogo, la hekta 60 hivi tu, na halina uwezo wa kulisha soko. Linafaa kutembelewa kwa mtumbwi na kwa macho. Samaki wa kuliwa wapo hatua chache nje yake, kwenye mabwawa ya kuchimbwa.

Ufugaji wa samaki umeenea katika vijiji vya Meru kwa sababu mlima una chemchemi na mifereji ya asili iliyochimbwa na wenyeji tangu zamani. Bwawa huchimbwa chini ya mfereji, hujazwa maji, na hupandikizwa vifaranga vya sato au kambare. Baadhi ya migahawa ya vijijini imechimba bwawa nyuma ya jiko. Mteja huchagua, samaki huopolewa kwa wavu wa mkono, hupimwa kwenye mizani, na baada ya muda wa kunywa soda moja polepole, au mbili, huletwa mezani. Hakuna samaki mbichi zaidi ya huyo katika mkoa mzima.

Lakini kuna shida mbili ambazo mlaji anapaswa kuzijua. Ya kwanza ni baridi. Sato hukua vizuri maji yakiwa na nyuzi 26 hadi 30 za Selsiasi. Chini ya 20 hula kidogo na karibu kusimama kukua. Miezi ya Juni na Julai, Meru inapojifunika mawingu, mabwawa ya miteremko ya juu hushuka hadi huko. Ndiyo maana sato wa bwawa la mlimani ni mdogo, na mfugaji humngoja muda mrefu kuliko mwenzake wa Mwanza. Ya pili ni ladha ya tope, itokanayo na vijidudu na mwani wa maji yaliyotuama. Dawa yake inajulikana: samaki ahamishiwe siku chache katika maji safi yanayotiririka, bila chakula, kabla ya kuuzwa. Mfugaji anayefanya hivyo hupata sato mtamu. Asiyefanya hufunika kwa ndimu na pilipili, na ndimu haishindi tope. Kambare huweza kupumua hewa ya juu na kuishi pale maji yanapokosa hewa, na kwa hiyo hufugwa hata kwenye vibwawa vyenye hali duni. Nyama yake ina mafuta. Afaa kuchomwa au kubanikwa kuliko kukaangwa.

Wakoloni walijaribu njia nyingine. Walileta trauti, samaki wa Ulaya na Marekani anayependa maji baridi, wakawaachia katika mito ya milimani ya Afrika Mashariki, wakianza na Kenya mwaka 1905. Ulikuwa mchezo wa starehe wa wenye fimbo za kuvulia. Haukuwa chakula cha wanakijiji, na haukuacha alama kwenye jiko la Arusha.

Baada ya Tengeru, safari inafuata maji. Themi, Tengeru, Usa, Maji ya Chai na vijito vingine vya Meru hukusanyika tambarare upande wa kusini mashariki na kuingia Mto Kikuletwa. Kikuletwa huongezewa maji na chemchemi za Rundugai, zile zinazojulikana kwa wageni kama Chemka, ambako visamaki vidogo hudonoa nyayo za waogeleaji, na pia na mito inayoshuka Kilimanjaro. Mwishowe huingia Bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako hukutana na Mto Ruvu utokao Ziwa Jipe. Maji yanayotoka upande wa pili wa bwawa ni Mto Pangani, unaozungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani na kuingia Bahari ya Hindi mbele ya mji wa Pangani. Kiangazi mifereji ya mashamba hunywa sehemu kubwa ya maji ya Themi kabla hayajafika mbali, lakini masika mto huo hufika bwawani na kila ulichobeba.

Nyumba ya Mungu ilijengwa katikati ya miaka ya 1960 kwa ajili ya umeme na kilimo cha umwagiliaji. Likijaa, bwawa huenea kilomita za mraba zipatazo 140, katika mpaka wa wilaya za Mwanga, Moshi na Simanjiro. Samaki hawakuwa sababu ya kulijenga, bali ndio waliolifanya maarufu. Ardhi iliyofunikwa na maji ilikuwa na rutuba, perege wakazaana kupita matarajio, na miaka michache baada ya kujaa, wavuvi walimiminika kutoka Ziwa Victoria, pwani na kwingineko. Vijiji vya wavuvi vikachipuka kwenye nyika ambako awali walipita wafugaji na mifugo yao tu. Mavuno yalifika kilele karibu na mwaka 1970, kisha yakaporomoka, na hayakurudi tena kiwango kile. Mamlaka zimewahi kulifunga bwawa kwa vipindi ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, na kila likifungwa, vijiji vya Lang'ata na vingine vya ukingoni hupita kipindi kigumu.

Perege wa asili wa hapa ni wa Mto Pangani na Ziwa Jipe, na hapatikani kwa asili kwingine duniani. Leo amechanganyika na aina zilizoletwa, ngege akiwa mmojawapo, hivyo ngege aliyeonewa na sangara kwao alipata hifadhi huku. Wavuvi hutoka na mitumbwi jioni, hutega nyavu za makila, na hurudi alfajiri. Asubuhi wanawake wenye mabeseni husubiri ukingoni. Wakubwa hununuliwa wabichi na wenye magari na pikipiki wanaokwenda Moshi na Arusha. Wanaobaki hukaangwa hapo hapo au kubanikwa juu ya moto wa kuni, na moshi wa majiko hayo huonekana kabla msafiri hajaona maji.

Kula hapo kuna utaratibu mfupi. Bandani kuna benchi mbili, meza moja na jiko la mafiga. Perege huchemshwa chukuchuku: maji, chumvi, kitunguu, nyanya moja au mbili, ndimu kama ipo, pilipili nzima ielee juu bila kupasuka. Hakuna kingine. Nyama yake ni imara kuliko ya sato wa bwawa la mlimani na tamu kuliko ya sato aliyelala kwenye barafu, na mchuzi hunywewa kwa kikombe. Ugali ni mgumu, wa kukatwa kwa vidole. Upepo wa nyikani huvuma mchana kutwa na joto ni kali kwa aliyetoka Arusha, ila joto hilo hilo ndilo linalomkuza perege haraka. Kwa maoni ya mwandishi, huu ndio mlo bora wa samaki wa maji baridi katika kaskazini yote ya Tanzania, na ni wa bei ambayo mvuvi mwenyewe anaimudu.

Upande wa magharibi wa Arusha una kidogo cha kueleza. Maziwa ya Bonde la Ufa ni ya magadi. Ziwa Natron lina visamaki vinavyoishi katika maji ya chumvi kali na moto wa kukaribia nyuzi 40, navyo ni vya kuhifadhiwa, si vya kuliwa. Manyara na Eyasi zina perege wao wadogo wanaostahimili magadi, pamoja na kambare. Eyasi hujaa na kukauka; mwaka wa maji mengi, wavuvi huweka kambi na samaki hufika masoko ya Karatu, na mwaka wa ukame hubaki vumbi jeupe. Mto wa Mbu kuna migahawa inayouza sato, wengi wao wakiwa wameshushwa na magari yale yale ya kutoka Mwanza.

Popote mlaji alipo, vipimo ni vile vile. Jicho la samaki mbichi limejaa na linang'aa. Likizama na kuwa na ukungu, amekaa. Matamvua yawe mekundu, yasiwe ya kahawia. Nyama ikibonyezwa kwa kidole irudi. Tumbo lisiwe limepasuka. Kwa aliyekwisha kukaangwa, ufunuliwe mchanjo mmoja: nyama nyeupe inayoachana na mfupa ni dalili njema, inayosagika kama unga ni ya samaki aliyegandishwa na kuyeyushwa zaidi ya mara moja. Ukubwa nao ni jambo la sheria. Kanuni za uvuvi za Tanzania zinakataza sato aliye chini ya sentimita 25 na sangara aliye chini ya 50. Mgahawa unaojaza sinia kwa visato vya kiganja unakula mtaji wa ziwa, na mteja anayevinunua kwa sababu ni vya bei poa anashiriki.

Mto nao una sheria yake: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ndani ya jiji, kingo za Themi zina karakana, sehemu za kuoshea magari, takataka za plastiki, na bustani za mboga zinazomwagiliwa maji yale yale. Mvua kubwa ya Aprili huyasomba yote hayo kuelekea Kikuletwa. Wakazi wa Themi wanaoagiza perege wa Nyumba ya Mungu kila Ijumaa jioni wana haki ya kudai samaki safi, na wana wajibu wa kutotupa mafuta machafu na mifuko katika mto unaopita nyuma ya migahawa yao. Halmashauri nayo iweke mapipa na izipime upya zile mita 60 kabla masika mengine hayajafika.

Kwa msafiri anayepanga safari kama hii, wakati mzuri wa kwenda bwawani ni kuanzia Agosti hadi Oktoba, barabara za vumbi zikiwa zimekauka na mwezi ukiwa mchanga. Kwanza aulize kama bwawa liko wazi. Likiwa limefungwa, aheshimu, ale mchemsho wa ndizi na sato mjini, na aende mwaka unaofuata.